Nani analipia neno "haturuki"? Malipo na usalama wa marubani wa jeti ndogo

Rubani wa shirika kubwa la ndege akisema leo haturuki, kuna ofisi nzima ya kumbebea neno hilo. Kuna wapanga zamu, kuna chama cha wafanyakazi, kuna rubani wa akiba, na abiria wanaonung'unika hawajui hata jina lake. Rubani wa jeti ya watu sita anamwambia mwenye ndege ana kwa ana, na mwenye ndege huyo ndiye anayemlipa. Ndiyo maana katika kazi hii huwezi kuzungumzia mshahara ukaacha usalama kando. Anayetafuta kazi huuliza kwanza wanalipa kiasi gani. Lenye faida zaidi ni kuuliza wanalipa vipi: kwa saa, kwa siku au kwa mwezi, na mfuko wa rubani unakuwaje siku ndege inapobaki chini.

Sheria na takwimu za humu ni za Marekani, kwa kuwa ndiko jeti binafsi zilikojaa na ndiko ripoti za ajali zake zinakowekwa hadharani kwa undani.

Ndege moja, sheria mbili

Jambo la kwanza kujua ni ndege inaruka chini ya kanuni ipi. Mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, imezigawa kanuni zake kwa sehemu. Sehemu ya 91 inamhusu mwenye ndege anayesafiri kwa shughuli zake mwenyewe, au kampuni inayobeba watu wake. Sehemu ya 135 inahusu ndege za kukodi: abiria analipa, na kampuni lazima iwe na cheti cha uendeshaji. Mashirika makubwa yenye ratiba yako Sehemu ya 121.

Chini ya Sehemu ya 135, kwa safari zisizo na ratiba, rubani aliye peke yake haruki zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24; wakiwa wawili, kikomo ni saa 10. Kwa robo ya mwaka mwisho ni saa 500, kwa robo mbili mfululizo saa 800, na kwa mwaka mzima saa 1,400. Anatakiwa apate mapumziko ya saa 10 mfululizo, na kila robo mwaka apewe si chini ya vipindi 13 vya mapumziko vya saa 24 kamili. Nahodha wa jeti anayebeba abiria lazima awe na leseni ya daraja la juu kabisa, ATP, ambayo kwa kawaida hudai saa 1,500 za kuruka, na uwezo wake wa kuruka kwa kuongozwa na vyombo, yaani hata mawinguni asikoona kitu, hupimwa kila baada ya miezi 6.

Chini ya Sehemu ya 91 ya kawaida hakuna hata kimoja kati ya vikomo hivyo vya saa. Rubani wa jeti bado anahitaji kibali cha aina ya ndege anayoirusha na bado hupimwa kila mwaka. Lakini mwenye ndege akitaka kuondoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, na kesho yake hivyohivyo, sheria haina la kumwambia. Kampuni zenye idara ya ndege iliyopangwa vizuri hujiwekea vikomo vyake kwa kufuata miongozo ya hiari, ukiwemo ule uliotolewa mwaka 2014 na Flight Safety Foundation pamoja na NBAA, chama cha kampuni zinazotumia ndege kwa shughuli zao. Familia yenye jeti moja na rubani mmoja mara nyingi haina karatasi yoyote.

Sasa tazama jeti moja ndani ya siku moja. Mchana imebeba abiria wa kukodi chini ya Sehemu ya 135. Jioni abiria wameshuka, na ndege inarudishwa tupu nyumbani chini ya Sehemu ya 91. Safari hiyo ya mwisho ya kurudi tupu haihesabiwi katika vikomo vya saa za kuruka. Rubani ni yuleyule na macho yake yameshachoka, ila ulinzi wa sheria umeishia mlangoni pale abiria waliposhuka. Ukisoma ripoti za ajali za jeti ndogo, angalia ni ngapi zilitokea ndege ikiwa haina abiria. Learjet 35A iliyoanguka karibu na uwanja wa Teterboro, New Jersey, tarehe 15 Mei 2017 ilikuwa katika safari ya namna hiyo, fupi kabisa, kutoka Philadelphia. Marubani wote wawili walikufa. Kwa utaratibu wa kampuni yenyewe, rubani msaidizi hakuwa amefikia kiwango cha kuruhusiwa kushika usukani, lakini sehemu kubwa ya safari ndiye aliyeirusha. Walipofika walitakiwa wauzunguke uwanja ili watue kwenye njia nyingine ya kurukia. Wakachelewa kukata kona, wakalazimisha kona kali huku kasi ikishuka, na mabawa yakaacha kuibeba ndege.

Saa za karatasi na saa za mwili

Palipo na ubishi mwingi kati ya marubani na waajiri ni kwenye kusubiri simu. Kampuni nyingi ndogo hupenda utaratibu huu: rubani yuko nyumbani, simu iko mkononi, akiitwa awe uwanjani ndani ya saa mbili. Asipoitwa kwa saa 10, mwajiri anasema "umeshapumzika" na saa zinaanza upya. FAA imeshatoa tafsiri ya kisheria zaidi ya mara moja kwamba hayo si mapumziko. Mapumziko ni muda unaojulikana kabla haujaanza, usiokatwa, ambao rubani hana wajibu wowote wa kujibu wala kuwa tayari. Kama alilazimika kukaa tayari kupokea simu, hakuwa mapumzikoni hata kama alikuwa kitandani.

Na hata karatasi ikiwa safi, mwili una hesabu yake. Chukua siku hii. Rubani anaamka saa 12 asubuhi na kushinda nyumbani. Saa 10 jioni anapigiwa simu. Saa 11 jioni anaripoti uwanjani, saa 1 usiku anaruka, anashusha abiria mji wa pili, anasubiri saa mbili kwenye kiti cha ukumbini, anarudi nao na kutua saa 7 usiku. Zamu yake ni saa 8 tu, na za kuruka labda ni 4. Kwenye kitabu hakuna kosa hata moja. Lakini wakati magurudumu yanagusa chini huyu mtu ameshakaa macho saa 19. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba baada ya saa 17 za kutolala, utendaji wa mtu unafanana na wa aliyekunywa hadi asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Tena anakaribia saa 8 usiku, mwanzo wa kipindi kinachokwenda hadi saa 12 alfajiri, ambacho mwili unadai usingizi upende usipende.

Dawa ya hali hii ni ya kimkataba zaidi kuliko ya kitabibu. Andikeni kwamba kinachohesabiwa si saa za zamu peke yake, bali pia saa tangu rubani alipoamka. Zamu inayoangukia kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri ifupishwe. Simu ikija jioni kwa safari ya usiku, rubani awe na haki ya kusema "nimeamka tangu alfajiri" bila kukatwa chochote. Kama analipwa kwa safari, sentensi hiyo inamgharimu, na atakayeisema ni yule mwenye akiba benki.

Jinsi ya kusoma ofa ya kazi

Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani ilionyesha kuwa Mei 2023 mshahara wa kati wa marubani wa kibiashara wasio wa mashirika ya ratiba ulikuwa dola 113,080 kwa mwaka, na wa marubani wa mashirika dola 219,140. Kundi la kwanza ni mchanganyiko: ndani yake kuna jeti za kukodi, helikopta, hata wapulizia dawa mashambani, kwa hiyo isichukuliwe kama bei ya soko ya jeti ndogo. Linaloonekana wazi ni lile pengo. Tangu mwaka 2013, ili kuingia shirika la ratiba kama rubani msaidizi kwa kawaida zinatakiwa saa 1,500. Mwendeshaji wa jeti ndogo anayelipa kidogo anageuka kuwa ngazi: vijana wanafika, wanajaza saa, wanaondoka. Kinachobaki kwenye chumba cha marubani ni watu wawili wasiozoeana, na mmoja wao bado anajifunza ndege yenyewe. Malipo madogo yanaingia kwenye usalama kwa mlango huo, na bima huliona haraka kuliko mtu mwingine yeyote, maana huuliza rubani ana saa ngapi kwenye aina ileile ya ndege.

Ofa yenyewe isomwe kwa kugawanya. Tuseme kampuni ya kwanza inatoa dola 120,000 kwa mwaka, likizo siku 20, na siku nyingine zote uwe tayari kuitwa. Hizo ni siku 345 za kufungwa na simu, sawa na dola 348 kwa siku. Ya pili inatoa dola 105,000 kwa zamu ya siku 7 kazini na siku 7 nyumbani ambazo hakuna wa kukugusa. Siku 182 hivi, yaani dola 577 kwa siku. Wa kwanza anaonekana kulipa zaidi hadi pale unapogawanya. Na kwa upande wa usalama tofauti ni kubwa kuliko ya fedha: rubani wa kampuni ya pili anajua atalala lini.

Kuna mfumo wa dhamana ya saa kwa mwezi, yaani saa utakazolipwa uruke usiruke, pamoja na malipo ya kila saa inayozidi. Huu una ubaya wa kimyakimya. Dhamana ikiwa ndogo, kila saa iliyoghairiwa ni fedha inayotoka mfukoni mwa rubani. Kwa dola 90 kwa saa, safari ya saa 5 iliyofutwa kwa sababu ya radi imempunguzia dola 450, na yeye ndiye aliyeifuta. Hakuna anayekubali hadharani kwamba dola 450 zinaweza kumfanya alitazame wingu kwa jicho la huruma. Usimtegemee mtu yeyote awe malaika kila wiki; pandisha dhamana ifikie saa ambazo kwa kawaida huruka, na mtego umeondoka.

Bonasi nazo ni za aina mbili. Bonasi ya kubaki kazini mwaka mzima haina neno. Bonasi ya kufikisha asilimia fulani ya safari bila kughairi, au ya kuokoa mafuta, ikataliwe wazi. Ya mafuta inaonekana haina hatia, lakini kinachookolewa mara nyingi ni mafuta ya ziada ambayo yangempeleka rubani uwanja wa akiba.

Siku ya kughairi isipobadilisha chochote kwenye malipo, mfumo huo unafaa. Mkataba uandike kwa maneno ya kawaida: safari ikifutwa kwa hali ya hewa, ubovu wa ndege au uchovu wa rubani, siku hiyo inalipwa yote. Na uamuzi wa kuruka ni wa nahodha. Mwenye ndege anaweza kufuta safari ambayo rubani amekubali, lakini hawezi kulazimisha ambayo rubani amekataa.

Deiwaka wa angani

Marubani wengi wa jeti ndogo hawana mwajiri mmoja. Wanaitwa kwa siku, rubani wa kudumu akiugua au akienda likizo. Malipo ya siku huonekana manono: tuseme dola 1,000. Akipata siku 100 kwa mwaka ni dola 100,000. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayelipa mafunzo ya kila mwaka kwenye simuleta (mtambo wa kuigiza kuruka) kwa kila aina ya ndege anayoirusha, bima ya afya ni yake, na kwa kuwa hana mwajiri, sehemu zote mbili za makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) zinamwangukia, asilimia 15.3 kwa jumla. Kinachobaki kinafanana na mshahara wa kawaida, tena usio na uhakika.

Siku inahesabiwaje? Safari ikianza Jumatatu, ndege ikakaa Jumanne na Jumatano mwenye nayo akiwa mikutanoni, ikarudi Alhamisi, hizo ni siku nne za malipo. Siku ya kwenda kuipokea ndege na ya kurudi nyumbani kwa ndege ya abiria nazo ni siku. Anayekubali kulipwa siku za kuruka pekee amefanya kazi nusu bure, na pia amejipa sababu ya kutamani safari isikae. Posho ya chakula, hoteli, na gari viwe juu ya mwenye ndege. Hoteli isiwe ya kuchagua kwa bei peke yake: chumba kisicho na pazia zito kando ya barabara kuu kinamnyima rubani anayelala mchana usingizi wote.

Penye hatari kubwa kwa deiwaka ni bima, na wengi hawaisomi. Jeti ina bima ya mwenye nayo. Ikipata ajali, kampuni ya bima inamlipa mwenye ndege, kisha ina haki ya kumgeukia aliyesababisha hasara na kumdai. Aliyesababisha anaweza kuwa wewe, uliyelipwa dola 1,000 kwa siku, ukidaiwa thamani ya jeti nzima. Kwa hiyo kabla ya safari ya kwanza omba hati ya bima yenye mambo matatu: jina lako liwemo kama anayelindwa na bima hiyo, kampuni iandike kwamba imeacha haki ya kukudai, na masharti ya rubani (saa za jumla, saa za aina hiyo, tarehe ya mafunzo ya mwisho) yalingane na kitabu chako cha safari. Sharti moja lisipotimia, bima inaweza isilipe kabisa. Kuambiwa kwa simu kwamba "bima ipo, usijali" hakumlindi mtu.

Mafunzo na deni lake

Mafunzo ya kwanza ya kibali cha aina huchukua wiki kadhaa na gharama yake huenda kwenye makumi ya maelfu ya dola. Mwajiri akilipa, huleta mkataba wa kumfunga rubani: ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili, unarudisha. Si jambo baya lenyewe. Baya ni namna linavyoandikwa. Deni lipungue kila mwezi, yaani moja ya kumi na mbili au ya ishirini na nne kwa mwezi, si libaki zima hadi siku ya mwisho. Lihesabu ada halisi ya mafunzo, si mshahara uliolipwa ukiwa darasani. Na life papo hapo kama kampuni imekuachisha, imeuza ndege, au umeacha kazi kwa sababu za usalama zilizoandikwa. Rubani mwenye deni la dola 25,000 juu ya kichwa chake hubaki kwenye kampuni ambayo angeikimbia, na hubaki akiwa kimya.

Mwajiri naye ana lake la kuangalia. Jeti ya Hawker iliyoanguka Akron, Ohio, tarehe 10 Novemba 2015 ikiwa safari ya kukodi iliua watu wote 9. Walikuja kutua bila ndege kutulia kwenye kasi na mteremko wake, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikashushwa mwisho mapema kuliko utaratibu, kasi ikaporomoka. Uchunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri, ulikuta kwamba marubani wote wawili walikuwa wameachishwa kazi na waajiri wao wa awali. Kusoma kumbukumbu za mafunzo za mtu hadi ukurasa wa mwisho hakugharimu kitu kinachokaribia bei ya kutozisoma.

Mmoja au wawili?

Jeti kama Citation nyingi ndogo, Phenom 100 na 300, HondaJet na Vision Jet ya Cirrus zimeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa mwenye ndege hiyo ni mishahara nusu. Sehemu ya 135 inaruhusu mmoja kwa ndege yenye viti vya abiria visivyozidi 9, mradi otopailoti (mtambo unaoirusha ndege wenyewe) inafanya kazi na rubani ana saa 100 za unahodha kwenye aina hiyo. Kwa hiyo otopailoti ikizimika ukiwa chini, safari ya kukodi ya rubani mmoja mawinguni imekwisha.

Jeti hizi si ngumu kurusha siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa. Shida hujitokeza pale mambo matatu yanapokuja pamoja: wingu zito muda mfupi baada ya kupaa, mwongozaji ndege anayebadilisha maelekezo, na otopailoti ambayo rubani anadhani ameiwasha. Tarehe 29 Desemba 2016 jeti ya Citation ilipaa Cleveland usiku na kuingia Ziwa Erie muda mfupi baadaye ikiwa na watu 6. NTSB ilisema rubani, aliyekuwa peke yake, alipoteza mwelekeo gizani, na ilitaja pia kuchanganyikiwa kuhusu hali ya otopailoti. Rubani wa pili angekuwa na kazi moja tu dakika hiyo: kusema kwa sauti kinachoonekana kwenye vyombo.

Juu kuna suala la hewa. Hewa ikivuja kwenye futi 40,000, rubani ana sekunde 15 hadi 20 za akili timamu. Learjet 35 iliyombeba mchezaji gofu Payne Stewart tarehe 25 Oktoba 1999 ilipoteza hewa ya ndani, ikaendelea kuruka yenyewe kwa saa kadhaa hadi mafuta yakaisha, ikaangukia South Dakota. Watu 6 wakafa. Barakoa ya oksijeni ijaribiwe ikiwa imeunganishwa, kila asubuhi, na vali ya mtungi iangaliwe kwa macho kama iko wazi.

Hata wakiwa wawili, mazoea yanaweza kuwageuza kuwa mmoja. Gulfstream IV ilishindwa kupaa Bedford, Massachusetts, tarehe 31 Mei 2014 kwa sababu kufuli linalozuia usukani usipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa halikuondolewa. Watu wote 7 walikufa. Kinasa data kilionyesha kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani wale, waliokuwa wameruka pamoja miaka mingi, hawakufanya ukaguzi kamili wa usukani katika asilimia 98. Ukaguzi huo ni wa sekunde chache. Hiyo haikuwa jeti ndogo, wala tatizo halikuwa mshahara. Ni kwamba chumba cha marubani wawili wasiotazamwa na mtu wa tatu huanza kutunga sheria zake.

Mita mia chache za njia

Viwanja vidogo ndivyo vinavyouza jeti ndogo: vinamfikisha mwenye ndege karibu na mlango wake. Ndivyo pia vinavyoleta mabishano makali kati ya rubani na anayelipa.

Umbali wa kutua ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege ulipimwa na marubani wa majaribio, wakivuka mwanzo wa njia kwa futi 50 sawasawa na kukanyaga breki kwa nguvu zote. Kwa hiyo Sehemu ya 135 kwa kawaida inadai jeti iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia. Tuseme kitabu kinasema mita 880. Gawanya kwa 0.6: unahitaji mita 1,467. Njia ya mita 1,500 inatosha, ikiwa kavu. Ikitabiriwa kulowa, ongeza asilimia 15: mita 1,687. Njia ileile imekataa. Waendeshaji waliokidhi masharti maalum huruhusiwa kutumia asilimia 80, na hapo wanakuwa wamenunua urahisi kwa kupunguza akiba. Chini ya Sehemu ya 91 kizidisho hakipo, rubani anaweza kutumia zile mita 880 zilivyo. Kisha kumbuka kwamba kasi ikizidi kwa asilimia 10 tu, nishati ya kusimamishwa inaongezeka kwa asilimia 21. Rubani mzuri wa Sehemu ya 91 hutumia kizidisho cha 135 kwa hiari yake, na hukiweka kwenye makubaliano na mwenye ndege kabla mvua haijaanza kunyesha.

Njia fupi huvuta maamuzi mengine nyuma yake. Tarehe 8 Desemba 2014 jeti ya Phenom 100 iliyorushwa na rubani mmoja ilianguka kwenye nyumba karibu na uwanja wa Gaithersburg, Maryland. Wote 3 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na mama na watoto wake wawili ndani ya nyumba. Ilipita kwenye barafu bila mfumo wa kuyeyusha barafu kwenye mabawa na mkia kuwashwa, na ikaja kwa kasi ya kutua ya hali ya hewa ya kawaida. Kwenye ndege hiyo kuwasha mfumo kunapandisha kasi ya kutua na kurefusha umbali wa kusimama, na njia ya Gaithersburg ina mita 1,280 hivi. Hilo halithibitishi aliyoyawaza rubani. Linaonyesha kwa nini uwanja mbadala mrefu, wenye gari la kukodi lililoshalipiwa, uwe sehemu ya mpango kabla ya kupaa.

Ubovu mdogo nao una sheria ambayo wenye ndege hushangaa wakiisikia: jeti isiyo na orodha iliyoidhinishwa ya vifaa vinavyoweza kusubiri, inayojulikana kama MEL, hairuhusiwi kuruka na kifaa chochote kibovu kilichofungwa ndani yake, hata kama kinaonekana hakina maana. Kupata idhini ya MEL ni kazi ya makaratasi tu, nayo humwondolea rubani mabishano mengi.

Teksi bubu

Mwisho kuna kazi ambayo malipo yake yasikuvutie kabisa. Rafiki wa mwenye ndege anapelekwa sehemu "kwa kuchangia mafuta". Au unaambiwa mteja amekodi ndege bila rubani, halafu wewe unaletwa kama rubani "wake", wakati hajawahi kukuchagua wala hajui wewe ni nani. Hiyo ni safari ya kukodi iliyovaa nguo za Sehemu ya 91. Kanuni inaruhusu mwenye jeti kutoza kiasi fulani kwa mkataba wa kushirikiana muda: mafuta, nyongeza isiyozidi bei ya mafuta hayohayo, na gharama chache zilizotajwa kama ada za kutua na gharama za safari za marubani. Zaidi ya hapo inatakiwa Sehemu ya 135.

Uliza maswali matatu: nani anaamua safari ianze au isianze, nani anamlipa rubani, na cheti cha uendeshaji kina jina la nani. Majibu yakipingana, usipande. Safari ya namna hiyo ikigundulika, leseni iliyo hatarini ni ya rubani, na bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu ndege ilitumika kwa kazi isiyoandikwa kwenye hati. Deiwaka aliyeitwa usiku kwa malipo mara mbili ya kawaida, kwa abiria asiowajua, kwenye ndege ambayo rubani wake wa kila siku "amepata dharura", ampigie huyo rubani wa kila siku kwanza.